Bodi Zijipimapo Zenyewe

Siku hizi ni vigumu kuona kijiji kisicho na bodi. Shule ina bodi yake, zahanati ina kamati yake, kisima kina watu waliochaguliwa kukiangalia, na bweni la wasichana au nyumba ya mayatima haikosi wadhamini. Wajumbe hawa hawalipwi mshahara. Huitwa kwa heshima, huketi, hunywa chai, muhtasari huandikwa, kisha kila mtu hurudi shambani kwake. Hata hivyo kazi waliyokabidhiwa ni nzito kuliko watu wengi wadhanivyo, kwa maana mali wanayoilinda si yao, na wale ambao mali hiyo ilitolewa kwa ajili yao aghalabu hawamo chumbani. Mwenye duka akikosea hesabu zake, hasara humrudia mwenyewe kabla ya mwezi kwisha, naye hutia akili. Bodi ya shirika lisilotafuta faida ikikosea, hasara humwendea mtoto, au mgonjwa, au mjane, ambaye hana kura wala sauti. Wajumbe wenyewe hawasikii maumivu yoyote ya kuwaonya.

Kwa sababu hiyo wenye hekima wamesema, tena kwa haki, ya kwamba bodi haina budi kujitafutia njia ya kujua kama yatenda vema au vibaya. Njia iliyoenea ni karatasi ya kujipima. Mahali ilipositawi hasa ni Marekani. Huko mwaka 1988 kiliundwa chama cha kuzisaidia bodi za mashirika, ambacho sasa huitwa BoardSource, na karatasi za namna hii zikachapishwa kwa wingi na watu mbalimbali, hata nyingine zikafika kwetu zikiandamana na barua za wafadhili. Msomaji ambaye hajaiona na afikirie mtihani ambao mtahiniwa ndiye msahihishaji. Kila mstari una maneno kama haya, "Bodi yetu yalifahamu vema kusudi la shirika," au haya, "Wajumbe huja mkutanoni wakiwa wamejiandaa," na mbele yake pana nafasi ya tarakimu kutoka 1 mpaka 5. Mjumbe huandika tarakimu aionayo kuwa yafaa. Kisha katibu hujumlisha, hugawanya, na wastani hupelekwa kwa mfadhili.

Sisi hatuna ugomvi na wazo la kujipima. Ugomvi wetu ni juu ya karatasi yenyewe, nasi twaandika kama watu walioijaza kwa mkono wao.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa wajumbe tisa wa bodi ya bweni moja la wasichana wa shule, ambalo jina lake hatulitaji. Mwisho wa mwaka ikaja karatasi yenye maswali thelathini na mawili. Mwenyekiti wetu, mzee aliyeheshimiwa na kila mtu, akasema tuijaze papo hapo, maana wali ulikuwa karibu kuiva. Tukaijaza kwa muda wa robo saa. Wastani ukatoka 4.7, tukapiga makofi.

Basi, msomaji na ajue hali ya bweni lenyewe siku ile ya makofi. Pampu ya maji ilikuwa imeharibika tangu mwezi wa Februari, nasi tulikuwa Novemba. Wasichana walikuwa wakiamka saa kumi ya alfajiri kwenda mtoni na ndoo, giza likiwa bado nene. Wazazi wawili walikuwa wamekwisha kuwaondoa binti zao, kwa kuogopa njia ile. Na la aibu zaidi ni kwamba sisi wajumbe tulilijua jambo hili tangu mwanzo. Lilikuwamo katika muhtasari wa mkutano wa Machi: "Suala la pampu lifuatiliwe." Lilikuwamo katika muhtasari wa Juni: "Suala la pampu laendelea kufuatiliwa." Lilikuwamo hata Septemba: "Wajumbe walihimizwa kulifuatilia suala la pampu." Hapakuandikwa jina la mtu, wala tarehe, wala kiasi cha fedha. Pampu ilifuatiliwa miezi tisa, kana kwamba ni mbuzi aliyepotea porini, hali ilikuwa imesimama pale pale hatua arobaini kutoka jikoni. Na katika karatasi ile, mbele ya maneno "Bodi yetu husimamia utekelezaji wa maazimio yake," sisi tuliandika 5.

Je, tulisema uongo? Tumejiuliza swali hili mara nyingi, na jibu letu ni kwamba hatukusema uongo. Twakumbuka vizuri tulivyokuwa tukiwaza kalamu ikiwa mkononi. Tulimwaza mwenyekiti jinsi anavyokuja kwa miguu kutoka mbali. Tulimwaza mhazini na stakabadhi zake alizozipanga vizuri. Tulikumbuka kwamba katika mkutano wa Juni maneno juu ya pampu yalisemwa kwa uchungu wa kweli. Tulipima nia zetu, na nia zetu zilikuwa njema. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, wala hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwongo. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Justin Kruger na David Dunning, walieleza jambo lililo karibu na hili mwaka 1999. Waliwapa wanafunzi mitihani, kisha wakawauliza wakadirie wenyewe wamefanyaje. Wale wa robo ya chini, ambao alama zao kwa wastani ziliwaweka mahali pa 12 katika ngazi ya watu 100, walijidhania kuwa mahali pa 62. Wataalamu wale walieleza kwamba ujuzi unaotakiwa ili kufanya kazi vema ndio huo huo unaotakiwa ili kutambua kwamba kazi imefanywa vibaya. Mwalimu yeyote aliyewahi kumrudishia mtoto daftari lililojaa makosa, na kuuona mshangao wake, atakubali.

Lakini karatasi ina dosari nyingine, na hii ni ya kwetu zaidi kuliko ya Cornell. Wenye kuitunga hudhani ya kwamba asiyeandika jina lake amejificha. Mjini labda ni hivyo. Kijijini mwandiko wa mtu hujulikana kama uso wake, na bodi ya watu tisa ni kama nyumba moja: huyu ni shemeji wa yule, yule alimsomesha huyu, na mwenyekiti ndiye aliyesimamia posa ya katibu. Kijana atawezaje kuandika 2 mbele ya maneno "Mwenyekiti huongoza mikutano vema," naye amelelewa kumwamkia mzee huyo shikamoo? Twasema hivi bila kuidharau adabu yetu, kwani bila adabu hiyo bodi isingekaa hata mwezi mmoja. Twasema tu kwamba chombo kinachomtaka mtu amhukumu mzee wake kwa tarakimu hakiwezi kupata ila tano tupu.

Hata hivyo katika bodi yetu alikuwako mmoja, mwalimu wa hesabu, mdogo kuliko sisi sote, ambaye mbele ya mstari ule wa maazimio aliandika 1. Kila mtu alimjua, maana kalamu yake ilikuwa ya wino wa kijani. Tazama basi karatasi ilimfanyia nini. Wanane tuliandika 5, jumla 40. Ukiongeza moja yake wapata 41. Ukigawanya kwa 9 wapata 4.6 kasoro kidogo. Sauti ya pekee iliyosema kweli ikayeyuka kama chumvi katika sufuria kubwa. Twaona hilo ndilo kosa kubwa la wastani katika kazi hii. Katika kupima mavuno ya shamba, wastani wafaa. Katika kuuliza kama nyumba yawaka moto, mtu mmoja aliyeona moshi ana thamani kuliko wanane ambao hawakutazama, nawe huwajumlishi ukawagawanya. Karatasi ikirudi na alama 1 peke yake katikati ya tano, kabla ya hesabu yoyote bodi ingepaswa kusimama na kuuliza: ndugu yetu ameona nini?

Tusije tukadhaniwa kwamba twawadharau waliotutangulia katika elimu hii, na tuvitazame vitabu viwili vilivyosifiwa sana. Cha kwanza kiliandikwa na Richard Chait, Thomas Holland na Barbara Taylor, kikatoka mwaka 1991, jina lake *The Effective Board of Trustees*. Walichunguza bodi za vyuo vya Marekani. Kilichotupendeza ni njia yao ya kuuliza. Waliwaomba wadhamini wasimulie tukio fulani hasa: palitokea nini, nani alisema nini, bodi ikafanya nini, mwisho wake ukawaje. Kutokana na masimulizi hayo wakatambua uwezo wa namna sita unaozitenga bodi imara na zile dhaifu, nao miongoni mwake ni uwezo wa kujifunza kutokana na makosa yake. Huo ni uvumbuzi mzuri. Mtu aweza kujipa 5 kwa urahisi, lakini akiombwa kusimulia habari za pampu tangu Februari hata Novemba, ulimi wake mwenyewe utamshitaki kabla hajafika Juni. Kwa bahati mbaya masimulizi huchukua muda na karatasi haichukui. Mwaka 1998 Holland, pamoja na mwenziwe Douglas Jackson, alitangaza orodha ya maswali iliyojengwa juu ya nguzo zile sita. Waliijaribu kwa uangalifu, wala hatuikatai. Ila kwa maoni yetu, yule aliyesimulia amegeuzwa kuwa mtu wa kukubali au kukataa, na lililo bora katika kazi ya kwanza limebaki nyuma.

Kitabu cha pili ni cha John Carver, *Boards That Make a Difference*, kilichotoka mwaka 1990. Ni kikavu, na mahali pengine mwandishi asema kana kwamba hakuna njia nyingine duniani ila yake. Lakini ana maneno mawili ambayo hatujaona mtu aliyeyasema vizuri kuliko yeye. La kwanza, kwamba bodi yapasa kujiuliza shirika laleta mema gani, kwa watu gani, na kwa gharama gani. La pili, kwamba bodi na ijilinganishe mara kwa mara na yale iliyoyaandika yenyewe, isingoje sherehe ya mwisho wa mwaka. Bweni letu lilikuwa na katiba. Kifungu chake cha tatu kilisema wasichana watapata maji safi ndani ya ua. Mwanadamu hahitaji mizani ya 1 mpaka 5 kwa kifungu hicho. Maji yamo uani au hayamo.

Labda msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya bodi ndogo za wakulima na waalimu, na kwamba watu wakubwa hawana shida hiyo. Na atufuate kidogo hadi London, ambako palitokea jambo lililoandikwa waziwazi na wengi. Huko palikuwa na shirika liitwalo Kids Company, lililoanzishwa mwaka 1996 kuwasaidia watoto na vijana wenye dhiki. Wadhamini wake walikuwamo watu mashuhuri. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 shirika likafungwa, siku chache tu baada ya serikali kulipa pauni milioni 3. Kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa taarifa yake mwaka 1916 + 100, yaani Februari 2016, nayo iliwalaumu wadhamini kwa ukali, ikisema hawakusikiliza maonyo ya kwamba akiba ya shirika ilikuwa ndogo mno. Kisha mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia wadhamini wale wasiongoze makampuni, na jaji akawasema vizuri, kwamba walikuwa watu wenye uwezo na waliojali kazi yao. Hatumo katika kuamua nani alisema kweli. Twataka msomaji aone jambo moja tu: Bunge na Mahakama, ijapokuwa walifika mahali tofauti, walishika mizani ya namna moja. Waliuliza wadhamini waliambiwa nini, lini, na walipokwisha kuambiwa walifanya nini. Hayo yamo katika mihtasari, katika barua na katika hesabu za fedha. Bodi yoyote yenye kabati na ufunguo wake yaweza kujiuliza maswali hayo leo jioni, kabla hajaja mtu wa kuiuliza.

Wengine wamependekeza kwamba dawa ni kumleta mgeni. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2017 uliyashauri mashirika makubwa yajipime kila mwaka, na kila mwaka wa tatu yapimwe na mtu wa nje. Shauri hili ni jema kwa wenye fedha. Lakini Robert Herman na David Renz, waliochunguza mashirika katika jiji la Kansas City, walionyesha kwamba wajumbe, wafadhili na watendaji hulipima shirika lile lile wasikubaliane. Mgeni naye ana macho yake. Nasi twaongeza kwamba mgeni aliyelipwa na bodi, akalishwa na bodi, na anayetumaini kuitwa tena na bodi, si mgeni sana. Kwa kijiji kisicho na fedha za kumlipa mtaalamu, mpimaji yuko karibu zaidi, tena hadai nauli.

Turudi bwenini. Wali ulipokwisha kuliwa, yule mwalimu wa hesabu alisimama, akaomba radhi kwa wazee, akasema hana neno lake mwenyewe ila angependa mihtasari mitatu ya mwaka ule isomwe kwa sauti, mahali panapotajwa pampu tu. Katibu akasoma. Haikuchukua hata dakika mbili. Baada ya mstari wa tatu hapakuwa na mtu aliyemtazama mwenziwe. Mwenyekiti akakaa kimya kitambo, kisha akauliza nani awezaye kutueleza habari kamili za maji. Akaitwa mama mlezi wa bweni, ambaye kwa miaka yote hiyo aliingia katika chumba cha bodi kuleta chai tu.

Akaja na daftari la shule. Tangu Machi alikuwa ameandika kila siku idadi ya ndoo zilizoletwa, saa wasichana walipoondoka, saa waliporudi, na jina la kila aliyechelewa darasani kwa sababu ya maji. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, aliandika majina ya wale wawili walioondolewa na siku waliyoondoka. Mzee wetu akamwuliza kwa nini hakulileta daftari hilo mapema. Akajibu kwa upole, "Baba, sikuulizwa."

Siku ile ile akatajwa mtu wa kwenda mjini kununua kifaa kilichokosekana, ikatajwa na tarehe, na mhazini akatoa fedha mbele yetu. Baada ya siku kumi na mbili maji yakatoka. Tulipopiga hesabu, bei ya kifaa kile ilikuwa ndogo kuliko nauli na chakula cha mikutano yetu mitatu ambayo pampu ilifuatiliwa. Msichana mmoja kati ya wale wawili alirudi muhula uliofuata. Wa pili alikuwa amekwisha kuozwa.

Wajumbe wawili hawakuja tena katika bodi. Mmoja alisema wazi kwamba ameaibishwa mbele ya mwanamke wa jikoni, nasi hatukuweza kumrudisha. Hatutaki kuficha jambo hili, maana wanaotusifia kujipima mara chache husema kwamba kuna gharama, na kwamba wako watu wema kabisa watakaokubali kukaa katika bodi maadamu tu hawataulizwa.

Mwaka uliofuata karatasi ikaja tena, maswali yale yale thelathini na mawili. Hatukuwa na uwezo wa kuikataa, kwa kuwa mfadhili aliitaka. Tukagawiana kalamu, tukaanza. Tulipofika kwenye mstari wa maazimio, mwenyekiti akatuzuia tusiandike kitu bado. Akamtuma kijana aende jikoni akamwombe mama mlezi aje, aje na daftari lake, na chai ingoje.